Nilimwita jirani yangu Cajun, akanyamaza: nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanga, nipo Houston mwaka wa tatu sasa. Jirani yangu ni mama mtu mzima, mweusi, asili yake Opelousas, jimbo la Louisiana. Jumapili moja alituletea sufuria ya gumbo, mchuzi mzito wa kwao unaoliwa kwa wali, nami nikamshukuru, nikamwambia chakula cha Cajun ni kitamu mno. Akatabasamu kidogo, akasema, "Sisi ni Creole, mwanangu," kisha akaaga. Tangu siku ile nahisi nimemkwaza. Tofauti ni nini hasa, maana hapa mjini kila mgahawa umeandika Cajun na Creole kwenye bango moja? Halafu ametualika kwao kijijini kwenye sherehe za Mardi Gras. Tutakuta nini huko, muziki gani, na sisi Waislamu tutakula nini?

JIBU: Marahaba, dada. Ujirani wenu ni mzima, mtu aliyenuna hakualiki kwao. Ila umegusa kidonda cha zamani bila kujua, na yaliyokuponza ni hayohayo mabango ya migahawa. Nami nilipofika Lafayette, mji wa hukohuko Louisiana, kufanya kazi ya jikoni nililifanya kosa hilohilo siku ya pili tu, tena mbele ya watu sita, kwa hiyo nisikucheke.

Ukiwauliza wenye migahawa watakupa jibu la haraka: gumbo yenye nyanya ni ya Creole, isiyo na nyanya ni ya Cajun, Creole ni chakula cha mjini New Orleans, Cajun ni cha shamba. Kwa kusoma menyu jibu hilo linatosha. Kwa kumjua jirani yako halifai kitu, kwa sababu yeye ni Creole wa shamba. Sina shaka gumbo aliyowaletea ilikuwa ya rangi ya kahawia, haina hata kipande cha nyanya, sawasawa na anayopika Cajun anayekaa maili mbili kutoka kwao. Kwenye sufuria hawa watu ni ndugu. Kilichowatenga hakikupikwa jikoni.

Nianze na Cajun, maana historia yao ni nyepesi kuifuata. Mababu zao walikuwa wakulima wa Kifaransa waliohamia Acadie katika karne ya 17, eneo ambalo leo ni Nova Scotia na jirani zake huko Kanada. Waingereza walipolitwaa eneo hilo waliwataka waape utii bila masharti, wao wakagoma, na kuanzia mwaka 1755 wakapakiwa melini na kutawanywa. Wengi walifia njiani. Mwaka 1765 kundi la watu kama 200 likiongozwa na Joseph Broussard, aliyeitwa Beausoleil, liliingia Louisiana, na mwaka 1785 meli saba zikawaleta wengine kama 1,600 kutoka Ufaransa. Koloni wakati huo lilikuwa la Wahispania. Hao wageni wakakaa kwenye kingo za bayou, vile vijito vya maji mazito yasiyo na haraka, na kwenye mbuga za upande wa magharibi. Waliitwa Acadien, kinywani neno likapunguka likawa Cadien, na Mmarekani alipolisikia akaandika Cajun.

Creole ni neno la kikoloni, na kwa mwanzo lilimaanisha tu aliyezaliwa kolonini, awe mzungu, mweusi au chotara. New Orleans ilianzishwa mwaka 1718, na mwaka uliofuata meli za kwanza za watumwa zikatia nanga zikitoka Afrika Magharibi. Manahodha walikuwa wameagizwa waje na mbegu za mpunga, pamoja na watu wanaojua kuulima. Kwa hiyo wali unaoukuta chini ya kila mchuzi wa Louisiana umefika kwa elimu ya watu waliofungwa minyororo. Baadaye, mwaka 1809, wakimbizi zaidi ya 9,000 wa mapinduzi ya Haiti, waliokuwa wamejibanza Cuba, waliingia New Orleans na karibu kuongeza mji mara mbili. Theluthi moja hivi walikuwa wazungu, theluthi weusi huru, theluthi watumwa. Ndipo mji ule ukazidi kuwa na tabaka ambalo Marekani nyingine haikulizoea: weusi na machotara huru, Wakatoliki, wasemao Kifaransa, wengine mafundi na wenye nyumba zao. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuinunua Louisiana mwaka 1803, nao kwao mtu alikuwa ama mweupe ama mweusi, basi. Kila Creole alilazimika kujitetea yuko upande gani.

Leo ukiuliza "Creole ni nani?" utapata mzozo kama ule wetu wa "Mswahili ni nani?" Wewe wa Tanga unaujua: kila mtu ana jibu, na kila jibu linamwacha mtu fulani nje ya mlango. Wapo wazungu wa New Orleans wanaojiita Creole. Wapo wa shamba kama jirani yako, ambao kwa kawaida ni weusi au machotara, na baadhi ya wazee wao bado wanasema Kreyoli ya Louisiana, lugha yenye maneno mengi ya Kifaransa lakini sarufi yake mwenyewe.

Sasa kidonda chenyewe. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 iliifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto aliyeteleza akasema Kifaransa uwanjani alipigishwa magoti, au aliandikishwa mamia ya mistari ya kuahidi kwamba hatarudia. (Wakenya waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hawahitaji maelezo.) Weusi na weupe wote waliadhibiwa. Neno Cajun nalo lilikuwa karibu na tusi, maana yake mshamba asiyejua kusoma. Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1968 jimbo likaunda baraza la kukuza Kifaransa, linaloitwa CODOFIL. Mwaka 1971 wilaya 22 za kusini zikatangazwa kuwa Acadiana, nchi ya Waakadia. Watalii wakaja. Kila kilichokuwa cha kusini mwa Louisiana kikabandikwa lebo ya Cajun, ikiwemo gumbo ya mama mweusi wa Opelousas ambaye babu zake hawakuwahi kuiona Kanada. Yaani walipigwa pamoja kwa ajili ya lugha, lakini sifa ilipofika ikapewa jina la upande mmoja. Uliposema "chakula cha Cajun" mbele ya yule mama, ndicho alichokisikia.

Mpishi Paul Prudhomme, Cajun aliyezaliwa karibu na Opelousas, naye alichangia, ingawa kwa nia njema. Mwaka 1979 alifungua mgahawa wake New Orleans, akavipika vyakula vya shamba na vya mjini kwenye jiko moja. Samaki wake aliyepakwa viungo na kubabuliwa kwenye kikaango cha moto mkali alipendwa kiasi kwamba serikali ililazimika kuubana uvuvi wa kibiashara wa samaki yule. Baada yake dunia nzima ikaamini Cajun ni jina la pilipili. Si kweli. Chakula chao cha nyumbani kina viungo vingi na moto wa kiasi. Mpemba wa pilipili mbuzi atakiona kimepoa.

Tuje kwenye sufuria uliyoletewa, maana humo ndimo mnapokutana wewe na yeye. Gumbo ni neno la Kibantu. Huko Angola bamia huitwa kwa majina kama kingombo na ochinggombo, na jina likavuka bahari pamoja na mboga yenyewe. Ukilitazama kwa jicho la Kiswahili utaona kilichotokea: kiambishi ki- kimedondoka njiani, kikabaki kiini. Wako wanaosema limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa pale, ambao kombo kwao ni majani ya mti wa sasafrasi yanayosagwa kuwa unga wa filé na kutiwa mwishoni ili mchuzi uwe mzito. Mimi nipo upande wa bamia. Lakini angalia: unga wa filé wa wenyeji wa asili, bamia na wali wa Waafrika, na kianzio cha unga na mafuta cha Wafaransa, vyote vimo mle.

Kianzio hicho ndicho roux, tamka ruu. Unga wa ngano na mafuta, vipimo sawa, kwenye sufuria nzito, na mkono usiosimama. Mama aliyenifundisha alinikabidhi mwiko bapa wa mbao akaniambia nisiende popote. Dakika kumi, rangi ya mchanga wa pwani. Ishirini, inanukia kama korosho zinazobanikwa. Kufikia arobaini imekuwa nyekundu ya tope la mvua, na nilikuwa naisubiri iwe chokoleti, simu ikalia mfukoni. Niligeuza shingo tu. Niliporudi kulikuwa na vidoa vyeusi kama chembe za pilipili manga. Akasema, "Mwaga." Nikajifanya sikusikia, nikatumbukiza vitunguu, seleri na pilipili hoho, utatu wanaouita mtakatifu, nikidhani harufu yao itafunika. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akainyanyua sufuria, akamwaga mwenyewe. Roux iliyoungua haifichiki. Uchungu wake unafika hadi kwenye wali. Basi ukimsifia jirani yako tena, msifie roux yake. Atajua umeelewa alisimama jikoni muda gani.

Muziki utakaoukuta utakuwa wa aina mbili zinazofanana kama mtu na binamu yake. Wa Cajun una fidla, akodiani ndogo ya vitufe kumi, na pembetatu ya chuma ambayo zamani waliifua kutokana na meno ya reki za kukusanyia nyasi. Rekodi yake ya kwanza ilitoka mwaka 1928, ya Joe Falcon na Cléoma Breaux. Lakini mtu aliyeupa muziki huo sehemu kubwa ya nyimbo na sauti yake alikuwa mweusi wa Creole, Amédé Ardoin, mpiga akodiani mwenye sauti ya kilio. Mwaka 1929 alirekodi pamoja na mpiga fidla mweupe, Dennis McGee, katika nchi ambayo watu hao wawili wasingeruhusiwa kukaa meza moja. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja akipiga kwenye dansi ya wazungu, binti wa mwenye nyumba alimpa leso ajifute jasho, na wanaume fulani wakamfuata njiani wakampiga mpaka akili ikamtoka. Alifariki mwaka 1942 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya jimbo, huko Pineville. Kila bendi ya Cajun inapiga nyimbo zake hadi leo.

Wa Creole ni zydeco. Hilo jina linatokana na maharagwe! Kifaransa ni les haricots, na kuna msemo wa zamani, les haricots sont pas salés, maharagwe hayana chumvi. Chumvi iliingia sufuriani kwa kipande cha nyama iliyokaushwa. Nyama ikikosekana, maharagwe ni chapwa. Ni kama mtu wetu anavyosema leo tunalalia uji. Matamshi yakaviringika: lezariko, zariko, zydeco. Mfalme wake, Clifton Chenier, alizaliwa mwaka 1925 huko huko kwa jirani yako, karibu na Opelousas, akachukua akodiani ya vibao vya piano, kama ile uliyoizoea kwenye taarab, akaitia blues. Ndugu yake Cleveland alipiga frottoir: bati la mikunjo kama la kuezekea, limefuliwa likawa kizibao, linaning'inia mabegani na kukwaruzwa kwa vijiko au vifungua chupa. Kizibao hicho kilibuniwa mwaka 1946 naye Clifton alipomchorea fundi wa bati, Willie Landry, kule Port Arthur, Texas. Na wala usingoje safari ili uisikie zydeco. Wacreole walihamia Houston kwa wingi kutafuta kazi, mtaa wao mmoja ukaitwa Frenchtown, na hadi leo bendi zinapigwa hapo kwenu, hata kwenye kumbi za kanisa Katoliki. Muulize mama.

Mardi Gras ni Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, siku 47 kabla ya Pasaka, kwa hiyo tarehe yake huhama kila mwaka. Ile inayoonyeshwa kwenye televisheni, ya magari yaliyopambwa na shanga zikirushwa, ni ya New Orleans. Ina mambo yake. Chama cha weusi cha Zulu, kilichoanza kuandamana mwaka 1909 kwa kuwakejeli wafalme wa gwaride la wazungu, kinagawa nazi zilizopakwa rangi na kung'arishwa, na watu wanazigombania. Wewe wa Tanga utacheka, nazi nzima na hakuna anayewaza kuikuna. Louis Armstrong alikuwa mfalme wao mwaka 1949. Wapo pia weusi wanaovaa mavazi ya manyoya na shanga kuwaenzi wenyeji wa asili, kila mmoja akishona vazi lake kwa mkono mwaka mzima. Bingwa wao Tootie Montana alifariki mwaka 2005 akiwa kwenye kikao cha baraza la jiji, akieleza jinsi polisi walivyowatendea watu wake. Pale mjini, usipite bila kusimama Congo Square, uwanja ambako watumwa waliruhusiwa Jumapili kucheza ngoma na kuuza vitu vyao.

Ila mwaliko wako ni wa shamba, na huko ni kitu kingine kabisa. Wanauita courir, mbio. Alfajiri watu wanavaa vinyago vya waya na kofia ndefu zenye ncha, nguo za viraka vya rangi kali, wanapanda farasi na matela. Ukiziona zile kofia usiogope: zinatoka Ulaya ya kale, za kuwadhihaki mabwana wakubwa, wala hazihusiani na wale wabaguzi wa Ku Klux Klan waliokuwa wakichoma misalaba. Anayewaongoza huitwa capitaine, peke yake hana kinyago, ameshika bendera nyeupe. Anatangulia nyumbani kwa mtu kuomba ruhusa. Akikubaliwa, anaipunga bendera na kundi linaingia mbio, wanaimba wimbo wa huzuni wa kuomba, wanadansi, wanapiga magoti wakiomba sadaka ya kutilia gumbo: mchele, kitunguu, soseji, na hasa kuku. Mwenye nyumba anamtupa kuku hai juu. Hapo ndipo utaona wanaume wazima wakijigaragaza kwenye mtaro wa matope kwa ajili ya tetea mmoja. Miji midogo ya Mamou, Eunice na Church Point inajulikana kwa mbio hizi, na jamii za Wacreole weusi wanazo zao pia. Jioni kuku wote wanaishia kwenye sufuria moja, dansi linapigwa, na saa sita usiku linakatika ghafla, Kwaresima imeingia. Jifunge kanga usiyoipenda sana.

Chakula, sasa. Nikueleze wazi, dada: kwa Mwislamu hii ni nchi ya tahadhari. Nguruwe yumo hata usikomdhania. Andouille na tasso, zinazotiwa kwenye gumbo na jambalaya (wali unaopikwa pamoja na nyama na viungo), ni nguruwe wa kukaushwa kwa moshi. Boudin ni wali na nguruwe ndani ya utumbo. Mboga za majani zinachemshwa na mfupa wake, na maharagwe mekundu ya Jumatatu vilevile; mlo huo ulikuwa wa siku ya kufua, sufuria inajipikia na mfupa wa nyama ya Jumapili huku mama yuko kwenye beseni. Hata gumbo ya kamba na kaa inaweza kuwa imeanzishwa kwa roux ya mafuta ya nguruwe. Kwa hiyo usiulize "ina nguruwe?", uliza "umeanzia na mafuta gani, na mfupa gani?" Na uliza mapema, kwa simu, si mbele ya sufuria. Mama Mkatoliki wa Louisiana anaelewa mwiko wa chakula. Kila Ijumaa ya Kwaresima kwao hakuna nyama, na Alhamisi Kuu wapo wanaopika gumbo ya majani matupu, aina saba au tisa, inayofanana na mchicha uliochanganywa na kisamvu. Ile maarufu ya mpishi Leah Chase wa New Orleans, aliyefariki mwaka 2019, ilikuwa na nyama nyingi ndani, kwa hiyo nayo uliza.

Ukibahatika msimu wa krofishi uwe umeanza, watamwagwa mezani juu ya magazeti, wekundu, na viazi na mahindi. Unakata mkia, unaumenya, na wenyeji wananyonya kichwa. Ni kamba wa maji baridi, wanafugwa kwenye majaruba ya mpunga baada ya mavuno. Waliopo Ziwa Naivasha, Kenya, tangu mwaka 1970 ni jamii hiyohiyo yenye asili ya Louisiana. Kuhusu kuwala, madhehebu yanatofautiana. Hilo nakuachia na shehe wako.

Usiende mikono mitupu. Karne iliyopita na kabla yake, wanawake weusi wa New Orleans walipita mitaani na vikapu kichwani wakinadi, "Belles calas, tout chauds!" Calas nzuri, za moto. Ni wali uliopondwa, ukaumuliwa usiku kucha, asubuhi ukakaangwa maandazi madogo na kunyunyiziwa sukari. Siku hizi wachache sana wanazipika, lakini wazee wanalikumbuka jina. Wewe loweka mchele wako, tia tui na iliki, choma vitumbua vya alfajiri ya safari, vifunike kwa kitambaa. Ukifika mpe kimoja kingali na moto kidogo, usimwambie ni nini, umsikie atakiitaje.